Kadenge Bado Ana Mpira

Ploti yetu iko Kawangware, si mbali na stegi ya 56. Ina korido moja ndefu na vyumba kumi na viwili, sita huku, sita kule. Korido ndiyo uwanja. Jumapili moja mtoto wa jirani, miaka saba hivi, alikuwa anapiga chenga ndoo za maji na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Akapita ndoo ya kwanza, akapita ya pili, akakaribia jiko la mamake lililokuwa na sufuria ya maharagwe juu. Mama akapiga kelele kutoka ndani: "Wewe Kadenge na mpira! Ukimwaga hiyo chakula utakula hiyo mpira!"

Mtoto akacheka, akageuka. Mimi nilikuwa mlangoni nikingoja mtungi ujae, na nikaanza kupiga hesabu. Huyu jirani ananizidi miaka mitatu tu. Joe Kadenge aling'ara uwanjani miaka ya 1960. Si yeye, si mimi, na pengine si wazazi wetu waliowahi kumwona akigusa mpira. Nikamuuliza Kadenge alikuwa nani. Akafikiria kidogo. "Si ni mtu wa mpira wa kitambo?" Kisha akarudi kwa maharagwe yake.

Basi. Maisha ya miaka 84, na sisi tumebaki na maneno matatu. Lakini ni maneno matatu ambayo kila mtu nchini anayo. Yamefika mpaka korido yetu, mahali ambapo hata barua hazifiki.

Niseme mapema kwa nini jambo hili lilinikaa kichwani. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisoma historia, wakati alama za masomo mawili zilikosekana. Mtihani nilifanya. Nakumbuka kiti, nakumbuka kalamu iliyovuja ikanipaka wino mpaka kwa shati. Nilizunguka ofisi kwa ofisi kwa miezi, na kila dirisha lilinipa jibu moja: mfumo hauna rekodi yako. Kama hakuna rekodi, hukufanya. Kama hukufanya, lipia urudie. Hela ya kurudia haikuwepo, nikatoka. Tangu hapo naandika vitu vya watu kwa malipo, vingi vikitoka bila jina langu. Kwa hivyo nikisikia habari ya mtu ambaye kila mtu anamjua na faili lake ni jembamba, nasikiliza kwa masikio yote mawili.

*

Tuanze na yanayojulikana. Joe Kadenge alizaliwa 1935, mtu wa Hamisi, ile sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alichezea Maragoli United, baadaye Abaluhya United, na timu ya taifa. Alikuwa mshambulizi, na waliomwona wanakubaliana kuhusu jambo moja: chenga. Mpira ulikaa mguuni pake hadi mabeki wakaonekana kama watu wanaotafuta funguo gizani.

Mpira aliouchezea haukuwa huu wa leo. Mashindano makubwa ya kanda yalikuwa Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, likiwa na jina la mtengenezaji wa sabuni wa Uingereza. Tanganyika iliingia miaka ya 1940, Zanzibar ikafuata. Fikiria hilo kidogo. Kabla hatujawa na bendera tulikuwa na timu, na timu ikagombania kombe la sabuni. Ligi ya taifa ilianza 1963, mwaka wa uhuru, na mabingwa wa kwanza wakawa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata klabu kadhaa za Waluhya zikaungana kuwa Abaluhya United, na kufikia 1966 Abaluhya walikuwa mabingwa wa Kenya.

Mambo hayakuwa ya kupendeza kila siku. Tarehe 12 Desemba 1965, Jamhuri Dei, Kenya ilicheza na Ghana hapa Nairobi. Ghana walikuwa wametoka kutetea ubingwa wa Afrika mwezi uliotangulia. Walitufunga 13 kwa 2. Nimewahi kuambia watu mtaani matokeo hayo wakadhani nawachezea. Ila ndiyo hali halisi ya kandanda yetu wakati huo: taifa lina miaka miwili, wachezaji wanatoka kazini kwenda uwanjani, na sherehe ya Jamhuri inaishia na mabao kumi na matatu wavuni. Mpira haukuwa ajira. Ulikuwa kitu unachofanya baada ya ajira, na ukipata bahati, mwajiri anakuruhusu utoke mapema.

Hata majina ya klabu hayakutulia. Mwaka 1980 serikali ilitaka klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Luo Union wakawa Re-Union. Gor Mahia nao, kwa muda, wakajiita Gulf Olympic Rangers, ujanja mtupu, maana herufi za kwanza bado zilisoma Gor. Kwa mashabiki ilikuwa kichekesho. Kwa mtu anayetafuta historia ni msitu. Unamtafuta mchezaji katika jina la klabu ambalo limefutwa, kwenye barabara iliyobadilishwa jina, katika uwanja ambao umeitwa hivi na vile.

*

Sasa linganisha na upande wa pili wa dunia. Marekani wana mpira wao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na katikati yake kuna mtu anayeitwa kotabeki. Kila shambulio linaanzia mikononi mwake. Anasoma ulinzi, anapiga kelele za siri, anapokea mpira, na ana sekunde mbili au tatu za kuamua. Nchi nzima inamhesabu. Tom Brady alistaafu 2023, na ukitaka kujua alirusha mpira umbali gani katika mechi za kawaida za ligi, jibu lipo: yadi 89,214. Pasi zake zilizozaa alama ni 649. Hakuna anayebishana. Mtu fulani alikuwa amekaa pale na kalamu, kila Jumapili, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na usidhani huo ni ulimwengu wa mbali sana. Mkenya ameshaingia katika daftari hilo. Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya mpira ule. Desemba mwaka huo huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakuwa kotabeki, kazi yake ilikuwa kuwaangusha watu kama kotabeki. Hakukaa sana, 2015 akaachwa. Lakini dakika zake chache zimeandikwa, na zitabaki zimeandikwa sisi sote tukiwa tumeshaondoka.

Kadenge alikuwa na mpira wa taifa mguuni kwa miaka, na hesabu ya mabao yake inategemea ni mzee gani umemuuliza. Ingekuwa rahisi kuishia hapo: wao wanatunza, sisi hatutunzi, aibu yetu. Nilikuwa nimeanza kuandika insha hiyo. Kisha nikakutana na mzee wa viatu.

*

Kwa kweli yeye hashoni viatu. Anakaa tu kwenye benchi la fundi viatu, pale karibu na stegi, kuanzia saa nne hadi jua litakapomfukuza. Alikuwa bawabu huko Lavington miaka mingi, dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa kwetu, ukivuka unaona hewa yenyewe inabadilika. Kwao ni Vihiga. Ni mtu wa Ingwe, yaani Leopards, na hapa Kawangware hakosi wenzake. Siku Leopards wanacheza na Gor utasikia isukuti ikianza mapema, watu wakipanda matatu kuelekea Nyayo.

Nilimsalimia, nikamwambia naandika kuhusu Kadenge. Aliniangalia kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe umezaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Basi unaandika nini? Ulimwona?"

"Hapana, Mzee. Wewe ulimwona?"

Akacheka mpaka fundi akainua kichwa. "Mimi? Mimi nilimsikia."

Akanieleza. Alikuwa mvulana mdogo kijijini, na redio ilikuwa moja, ya mwenye duka, ya betri. Siku ya mechi watu walijaa nje ya duka, watoto mbele chini, wazee kwenye makreti. Mwenye duka alikuwa anazima redio wakati wa mapumziko ili betri isiishe. Hakuna aliyeongea. Na mtangazaji alipoanza kukimbia na maneno, kijiji kizima kilikimbia naye bila kuinuka.

Halafu yule mzee akafunga macho, akaweka mkono sikioni kama mtu ameshika kipokezi, akaanza kutangaza. Sauti ilishuka, ikapanda. Ilimpa huyu mpira, ikampa yule, na kila mara ikarudi kwa Kadenge. Fundi akaacha sindano. Konda mmoja aliyekuwa akiita abiria akasimama kuangalia. Ilikuwa kama dakika mbili. Alipofungua macho alikuwa na jasho.

"Unaona?" akasema. "Hiyo nimeweka hapa miaka sitini."

*

Sauti iliyotangaza maneno hayo, watu wengi wanaihusisha na Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Mombasa, Freretown, mwaka 1940, akaingia Sauti ya Kenya miaka ya 1960, enzi zile shirika la utangazaji likiwa limegeuzwa mali ya serikali. Ndiye wa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichodumu zaidi ya nusu karne. Ndiye pia ambaye asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka studioni na kumlazimisha kusoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Walijua wanachofanya. Nchi ingeamini sauti hiyo kwa sababu ndiyo iliyowaambia mpira uko kwa nani. Mbotela alifariki Februari 2025.

Utangazaji wa mpira redioni una shida moja ngumu: msikilizaji haoni kitu. BBC walipotangaza mechi yao ya kwanza ya kandanda, Arsenal na Sheffield United, Januari 1927, walichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye nambari, ili ukiwa nyumbani ufuatilie mpira umefika mraba gani. Nje ya duka la betri Vihiga hakukuwa na mchoro. Mtangazaji wa Kiswahili alikuwa na silaha mbili tu, jina na mpira. Taja jina, sema ana mpira, na papo hapo msikilizaji anajua tuko wapi.

Angalia vizuri maneno yenyewe. Kadenge na mpira. Hakuna kitenzi. Mwalimu wetu wa Kiswahili angeyapiga mstari mwekundu: sema "Kadenge ana mpira", au "Kadenge alikuwa na mpira". Lakini mpira hausubiri sarufi. Kufikia utamke "alikuwa", ameshampita beki. Kwa hivyo mtangazaji alitupa kitenzi, na kwa kukitupa akatupa na wakati. Sentensi haina jana wala kesho. Na ukiigeuza, mpira na Kadenge, inabaki ile ile, kwa sababu "na" haijali nani anamiliki nani. Wawili wako pamoja, basi.

Nadhani ndiyo sababu imedumu. Sentensi yenye wakati huzeeka. Hii iko tayari kutumika popote: kwa mtoto wa korido, kwa mwanasiasa anayezungusha wananchi, kwa jamaa anayeng'ang'ania maiki kwenye harusi. Mtu wa Vihiga akawa msemo wa watu wa Kilifi na Garissa, na hilo halikufanywa na wizara wala faili. Lilifanywa na sauti, betri, na watoto waliokaa chini mbele ya duka.

Kwa hivyo insha yangu ya aibu ikaharibika. Hatukukosa kumtunza Kadenge. Tulimtunza kwa njia yetu. Tulimweka mdomoni.

*

Lakini mdomo una mipaka yake, na hapo ndipo hadithi inauma.

Baada ya kucheza, Kadenge alifundisha mpira; mwaka 2002 alikuwa kocha wa Harambee Stars. Pia aliendesha teksi hapa Nairobi. Simaanishi teksi ni kazi ya aibu. Nusu ya jiji hili limesomeshwa na watu wa usukani. Namaanisha tu kwamba mtu anaweza kuwa anapakia abiria katikati ya mji, na abiria mwenyewe akawa anasema "Kadenge na mpira" kwenye simu, bila kujua nani anamwendesha. Msemo ulikuwa wa kila mtu.

Miaka ya mwisho aliugua. Kiharusi kilimrudisha nyuma. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta alimtembelea nyumbani, picha zikapigwa, nchi ikafurahi kumwona. Alifariki Nairobi Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019. Wiki hiyo hiyo Harambee Stars walikuwa wametolewa kwenye Kombe la Afrika kule Misri, mashindano yetu ya kwanza ya aina hiyo katika miaka kumi na mitano. Waliwapiga Tanzania 3 kwa 2, wakapigwa na Algeria na Senegal, wakarudi. Alizikwa kwao Hamisi. Uwanja wa City, kando ya Barabara ya Jogoo, ukapewa jina lake. Uwanja huo wakati wa mkoloni uliitwa African Stadium, na barabara yenyewe iliitwa Doonholm. Leo mwambie konda akushushe Joe Kadenge Stadium, atakuuliza, "Ni wapi hapo? City Stadium?"

Rambirambi zilikuwa nyingi na tamu. Lakini nilipozisoma baadaye niliona zote zina kitu kimoja: zilianza na maneno yale matatu, na nyingi zilikaa hapo hapo. Ukimpenda mtu kwa msemo, unaweza kumkumbuka kila siku bila kumuuliza kama amekula. Kumbukumbu ya mdomo inakupa jina. Kodi ya nyumba inataka karatasi. Daftari la yadi 89,214 halikuletwa na upendo, lililetwa na mikataba. Mabao yanahesabiwa mahali ambapo bao lina bei, na ambapo mchezaji akidai malipo anaweza kuonyesha alichofanya. Hesabu ni ushahidi, na hilo nililijua kutoka kwa dirisha la ofisi ya chuo.

*

Wiki iliyofuata nilienda mjini na kutembea njia yangu ya zamani. Kwanza maktaba ya McMillan pale Banda Street, jengo la 1931 lenye simba wawili wa mawe mlangoni. Kisha nikavuka hadi Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo ambalo zamani lilikuwa benki, watu wakikutana nje yake kila jioni bila kuingia. Nikamalizia Harry Thuku Road, lilipo jengo la utangazaji ambalo sauti za mechi zilipitia, ng'ambo tu ya Norfolk. Jua lilikuwa kali, wanafunzi walinipita wakiwa na vitambulisho shingoni. Nilisimama kidogo nikitazama ile milingoti, nikafikiria jinsi sauti ilivyotoka hapa, ikavuka Bonde la Ufa, ikamfikia mvulana mmoja nje ya duka, na mvulana huyo akairudisha Nairobi kichwani mwake, akakaa nayo getini Lavington.

Nilirudi na matatu ya 46. Mzee alikuwa benchini, lakini siku hiyo hakuwa na utani. Alikuwa na bahasha ya kaki, laini kwa kushikwashikwa. Akanipa.

"Wewe si ulisoma? Angalia hii."

Zilikuwa karatasi za pensheni. Mwajiri wake wa pili alikuwa amepeleka michango yote. Mwajiri wa kwanza, miaka yote ile, hakuna kitu. Alikuwa ameenda kuuliza, akaambiwa alete tarehe: aliandikwa lini, aliondoka lini, na mtu wa kuthibitisha. Hakuwa na barua ya kuajiriwa. Alikuwa na majibu ambayo hakuna dirisha lingeyakubali.

"Ulianza kazi mwaka gani, Mzee?"

"Mwaka timu ilienda Kameruni."

Nikanyamaza sekunde moja. Kenya ilicheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1972, Kameruni. Nikaandika 1972.

"Mwezi?"

"Walikuwa hawajarudi. Wenye nyumba walinisikia nikitaka kujua matokeo, ndiyo wakaniita niingie nisikilize redio ya jikoni. Siku yangu ya tatu kazini."

Mashindano yale yalichezwa kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Nikaandika.

"Na uliacha lini?"

"Mwaka tulichukua kombe mara ya tatu mfululizo. Ule uwanja wa Nyayo ulikuwa mpya."

Kenya ilichukua Kombe la CECAFA 1981, 1982 na 1983. Nyayo ilifunguliwa 1983. Nikaandika 1983. Miaka kumi na moja, na hakuwa amekosea hata mmoja.

Tuliendelea hivyo mpaka fundi akaanza kufunga. Alipandishwa mshahara mwaka Abaluhya walibadilishwa jina; hiyo ni 1980. Mlinzi mwenzake, ambaye bado yuko hai huko Kangemi, aliingia mwaka Kenya ilichukua CECAFA mara ya kwanza; hiyo ni 1975. Nilikuwa nimetumia miezi nikilalamika kwamba mpira wetu hauna kumbukumbu, na hapa palikuwa na mtu ambaye alikuwa amepanga maisha yake yote kwa mpira, kama kabati, kila kitu kwenye droo yake. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye na kalamu.

Usiku huo niliandika barua. Kurasa mbili, tarehe upande wa kushoto, matukio upande wa kulia, na mahali pa sahihi ya yule wa Kangemi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu niache chuo ambayo niliitumia yale niliyoyasoma darasani: tukio linalojulikana likibeba tukio lisilojulikana. Sikuitoza.

Asubuhi nikamsomea pale benchini. Alisikiliza akiwa amefunga macho, kama anavyosikiliza mechi. Nilipofika mwisho akaniambia nirudie ile sehemu ya 1972. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akatoa kalamu mfukoni, akasaini polepole, herufi moja moja.

Kama atalipwa au hatalipwa, hilo liko kwa watu wa madirisha, na mimi najua madirisha. Lakini safari hii watakuta karatasi.

"Na wewe," akaniambia akikunja bahasha, "hiyo mitihani yako ya chuo. Ulifanya mwaka gani?"

Nikamwambia mwaka.

"Siku hiyo nani alikuwa anacheza?"

Nilikuwa nimeshaanza kucheka. Kisha nikakumbuka. Jioni ya mtihani ule tulienda moja kwa moja kutazama mechi kwa kibanda, watu wanne wa darasa langu, shati langu likiwa na wino, na mmoja wao alinipiga picha akinicheka. Picha ina tarehe. Watu wanne wana majina na simu.

Mzee akanisogezea nafasi kwenye benchi, akanipa kalamu.